Riwaya isiyo na nukta: Mike McCormack, mwandishi na mwalimu wa Galway

Sentensi inaweza kuwa ndefu kiasi gani kabla msomaji hajaitupa? Katika kitivo chetu swali hilo hujibiwa kwa kalamu nyekundu: mwanafunzi akipita mistari minne bila nukta, mwalimu humwandikia pembeni «kata». Mimi ninayesimamia mazoezi ya uandishi ya mwaka wa kwanza nimeliandika neno hilo mara nyingi, na nitaendelea kuliandika. Hata hivyo, mwaka 2016 huko Ireland ilichapishwa riwaya ya kurasa zaidi ya 200 ambayo haina nukta hata moja, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Inaitwa Solar Bones. Aliyeiandika, Mike McCormack, anafundisha uandishi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha Galway, magharibi ya nchi hiyo. Kwa hiyo si mtu asiyejua kanuni. Ni mwalimu wa kanuni aliyeiweka moja pembeni kwa sababu maalumu, na sababu hiyo ndiyo ninayotaka tuichunguze pamoja, kwa kuwa inatuhusu sisi tunaosoma sarufi ya Kiswahili kuliko inavyoonekana kwanza.

Wengi wetu hapa Kongo tukisikia Ireland tunakumbuka jina moja tu la somo la historia, Roger Casement, konsuli aliyeandika ile ripoti ya 1904 juu ya mateso ya mpira. Tuongeze jina la pili.

McCormack alizaliwa London mwaka 1965, lakini alikulia Louisburgh, mji mdogo wa jimbo la Mayo, mahali penye mvua, mashamba madogo na bahari ya Atlantiki. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa mkusanyo wa hadithi fupi, Getting It in the Head, mwaka 1996. Kilitolewa na mchapishaji mkubwa wa London, kikampatia Tuzo ya Rooney ambayo Waairishi huwapa waandishi walio chini ya miaka 40, na baadaye gazeti la New York Times likakiweka katika orodha yake ya vitabu vya kukumbukwa vya mwaka. Mwanzo mzuri kuliko huo ni vigumu kuuomba. Riwaya yake ya kwanza, Crowe's Requiem, ikafuata mwaka 1998. Ya pili, Notes from a Coma, ilitoka mwaka 2005.

Hapa tusimame kidogo, maana Notes from a Coma ni kitabu cha ajabu ambacho wanafunzi wa fasihi wangepaswa kukijua hata kama hawakisomi chote. Kijana aliyeletwa Ireland akiwa mtoto mchanga kutoka Romania, na kulelewa na mkulima mmoja wa Mayo, anajitolea kuingia katika jaribio la serikali: wafungwa wanalazwa usingizi wa kuzimia ndani ya meli, ili kuona kama huo unaweza kuwa aina mpya ya kifungo. Watu watano wanaomfahamu wanasimulia maisha yake, kila mmoja kwa sauti yake. Chini ya kurasa, mwandishi ameweka tanbihi ndefu zinazoendelea zenyewe kama mto wa pili chini ya mto wa kwanza. Kwetu tanbihi ni mahali pa kuonyesha kwamba tumesoma. Yeye aligeuza mahali hapo pawe sehemu ya hadithi yenyewe. Wahakiki wengine walikisifu sana. Wanunuzi hawakuja.

Mchapishaji wake akamwacha. Kutoka 2005 mpaka 2012 hakutoka na kitabu chochote. Mwaka 2012 ukaja mkusanyo mwingine wa hadithi, Forensic Songs, safari hii kwa mchapishaji wa Dublin, si wa London. Riwaya nyingine haikuonekana mpaka 2016. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: kati ya riwaya yake ya pili na ya tatu kuna miaka 11. Mtu aliyeanza kwa tuzo akiwa na miaka 31 alifika 50 bila kuwa na riwaya mpya mkononi.

Ninasisitiza miaka hiyo kwa sababu katika mazungumzo yetu ya wanafunzi kuna tabia ya kumpima mwandishi kama tunavyompima mchezaji wa mpira: asipofunga mabao misimu miwili, amekwisha. Nimesikia vijana wenye vipaji, hapa hapa, wakisema wameacha kuandika kwa kuwa kitabu chao cha kwanza hakikupata mchapishaji. Kazi ya McCormack haithibitishi kwamba kila anayevumilia hulipwa. Wako waliovumilia na kufa wakiwa na maandishi sandukuni. Inachothibitisha ni jambo dogo zaidi, nami naona lina manufaa zaidi: ukimya wa sokoni si lazima uwe ukimya wa mezani. Katika miaka hiyo mtu huyu alikuwa akiandika, na pia alikuwa akifundisha. Mshahara wa ualimu, hata uwe mdogo namna gani, una sifa moja ambayo haki za mwandishi hazina: huja kila mwezi.

Tena nchi yake ina desturi zinazomsaidia mwandishi. Tangu 1969 sheria ya Ireland inamsamehe mwandishi au msanii kodi ya mapato yatokanayo na kazi yake ya ubunifu, ingawa siku hizi msamaha huo una kikomo cha euro 50,000 kwa mwaka. Nchi yenye watu wapatao milioni 5 inayotoa waandishi wengi namna hiyo haitegemei mvua na huzuni peke yake, kama watalii wanavyodhani.

Sasa tuje kwenye riwaya yenyewe. Mwanaume aitwaye Marcus Conway, mhandisi wa halmashauri ya jimbo la Mayo, amesimama jikoni kwake. Ni tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote. Kengele ya sala ya Malaika wa Bwana inalia adhuhuri. Hakuna mtu mwingine nyumbani. Anakaa mezani, anatazama magazeti, na mawazo yake yanaanza kwenda: kwa mke wake Mairead, ambaye aliugua vibaya kwa maji machafu ya bomba, kwa binti yake mchoraji, kwa mwanawe aliyeko Australia, ambaye huzungumza naye kupitia kompyuta, kwa benki za Ireland zilizoanguka mwaka 2008. Marcus amekufa. Sikuharibii utamu kwa kukuambia hivyo, kwa kuwa toleo la kwanza lilidokeza jambo hilo kwenye jalada lake. Kwa imani ya zamani ya huko, siku hiyo wafu wanaweza kurudi nyumbani kwao kwa muda mfupi.

Msomaji wa Kongo haoni hapo kitu cha kigeni sana. Sisi tarehe 1 Agosti tunakwenda makaburini asubuhi, tunafyeka majani, tunapaka chokaa, ndipo mchana tunakula na wazazi walio hai. Tofauti ni nani anayemtembelea nani. Kwetu mzima anamwendea marehemu. Kwa McCormack marehemu anarudi jikoni na hamkuti mtu.

Na hapa ndipo ilipo sababu ya kukosa nukta. McCormack mwenyewe ameeleza katika mahojiano kwamba mzimu hana kazi na nukta: akisimama tu, anaweza kutawanyika. Sauti ya Marcus inaishi kwa kadiri inavyoendelea. Kila «na» inamshikilia duniani hatua moja zaidi. Basi umbo la sentensi si pambo lililowekwa juu ya hadithi, ni hali ya msimulizi. Ukiweka nukta umemwua mara ya pili.

Watu huogopa kitabu kama hicho wakidhani ni msitu. Si kweli. Mwandishi amevunja mistari mara kwa mara, akaacha nafasi nyeupe, hata jicho linajua mahali pa kupumua. Mikato ipo. Neno moja au mawili hukaa peke yao katika mstari, kama kiungo kinachosubiri kifuatacho. Katika kurasa za mwisho za Ulysses ya James Joyce, ambako mke amelala akiwaza karibu bila alama yoyote, msomaji hana msaada huo, anabebwa tu na mafuriko. Marcus ni mhandisi, na fikra zake zina mpangilio wa mhandisi. Moja ya sehemu zenye nguvu kabisa inahusu msingi wa shule: mkandarasi amemwaga zege la aina tatu mbalimbali katika msingi mmoja, wanasiasa wanataka jengo lifunguliwe, na Marcus anakataa kutia sahihi. Sisi tulio katika mji wa migodi, tunaojua majengo yaliyopasuka kabla ya kuzinduliwa, hatuhitaji maelezo marefu kuielewa sehemu hiyo. Sehemu nyingine inarudi utotoni: baba yake amefungua trekta zima na kutandaza vipande sakafuni, na mtoto anashikwa na hofu kwamba dunia nzima huenda imefungwa kwa skrubu zinazoweza kufunguliwa. Riwaya yote ni jibu kwa hofu hiyo. Mhandisi anajaribu kushikiza kila kitu kwa kitu kingine, bila kuacha mwanya.

Nilichukua ukurasa mmoja wa kitabu hiki nijaribu kuutia katika Kiswahili. Ni zoezi tu, si kwa kuchapisha. Nataka kueleza ninyi wa isimu nilichokikuta, maana ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

Kiingereza cha McCormack kinatembea juu ya kiunganishi kile ambacho sisi hukitafsiri haraka kwa «na». Lakini «na» yetu ni mvivu kati ya vitenzi. Huunganisha majina vizuri: baba na mama, chai na mkate. Ukiipanga kati ya vitenzi ishirini mfululizo, Kiswahili kinaanza kunuka tafsiri. Mzungumzaji wa kawaida hasemi hivyo. Yeye ana kiambishi -ka-. «Alitoka asubuhi, akaenda stesheni, akakuta treni imekwisha kuondoka, akakaa juu ya mzigo wake, akasubiri, akalala.» Sentensi hiyo inaweza kuendelea mpaka usiku na hakuna atakayelalamika. Bibi zetu wanasimulia hivyo saa nzima. Kwa hiyo wazo langu la kwanza lilikuwa la furaha: Kiswahili kinacho tayari kile ambacho Mwairishi amekitafuta kwa shida.

Kumbe -ka- ina sharti. Ni kama mtoto anayevuka barabara: lazima amshike mkono mkubwa wake. Mkubwa huyo ni kitenzi cha kwanza chenye wakati wake, kwa kawaida -li-, na baada ya hapo kila -ka- inasogeza saa mbele. Tukio la pili limekuja baada ya la kwanza, la tatu baada ya la pili. Ni uzi wa matukio. Marcus hana matukio ya kupanga. Yuko jikoni, hakuna kinachotokea. Kengele inalia, na kengele hiyo ni ya leo na ya utotoni kwa pamoja. Mke wake ni mgonjwa na ni mzima na ni msichana wa zamani. Nilipoujaza ukurasa kwa -ka-, mzimu alipata miguu na akaanza kutembea kwenda mahali fulani. Hadithi ikawa nzuri, lakini si ile.

Ndipo nikageukia -ki-, ambayo haisogezi saa bali hutandika mambo kando kwa kando. Sikuandika tafsiri hapa, naandika mfano wangu mwenyewe: «nikisimama hapa mezani, mkate ukiwa bado chini ya kitambaa, kengele ikilia ng'ambo ya uwanja kama ilivyolia siku ile mama alipokuwa akipanga vikombe ambavyo leo sivioni, vikombe vya rangi ya majani alivyoviagiza kwa shangazi, naye shangazi akiapa kwamba…» Angalieni: hakuna kitenzi kikuu kilichofika. Msikilizaji anangoja. Kungoja huko ndiko kunakomweka msimulizi hai. Sarufi zetu za shule hulaumu sentensi isiyofika kwenye kitenzi kikuu na kuiita pungufu. Kwa mtu aliyekufa, upungufu huo ndio pumzi yake.

Halafu kuna hazina nyingine ambayo Kiswahili Sanifu hakina, lakini nyumbani tunayo. Mtu wa Lubumbashi husema «alikuwaka», «walisemaka». Hiyo -aka ya mwisho hubeba mambo ya zamani yaliyodumu au yaliyojirudia, bila kudai tarehe. Katika mitihani tunaifuta. Lakini kwa sauti ya mzee anayekumbuka jikoni, sijui chombo gani kingefaa zaidi. Natupa swali hilo kwa wenzangu wa lahaja: je, mfasiri wa hapa ana haki ya kumpa mhandisi wa Mayo Kiswahili cha Katuba au Kenya? Nakumbusha kwamba Marcus naye hasemi Kiingereza cha London. Anasema cha Mayo.

Turudi kwa vitabu na watu wake, kwa sababu safari ya Solar Bones baada ya kuandikwa ina funzo lake. Ilichapishwa na Tramp Press, nyumba ndogo ya Dublin iliyoanzishwa na wanawake wawili mwaka 2014. Mwaka huohuo wa 2016 ikapata Tuzo ya Goldsmiths, ya pauni 10,000, iliyoundwa mwaka 2013 kwa ajili ya riwaya zinazojaribu umbo jipya. Kati ya washindi wanne wa kwanza wa tuzo hiyo, watatu ni wa Ireland: Eimear McBride, Kevin Barry na McCormack. McBride alikuwa amezunguka na maandishi yake miaka tisa kabla ya kupata mchapishaji, naye pia alikuwa mdogo. Inaonekana nyumba kubwa ziliogopa kile ambacho ndogo zilikiona.

Lakini Tuzo ya Booker, iliyo maarufu zaidi, haikuweza hata kuifikiria Solar Bones mwaka 2016. Kanuni zilitaka kitabu kiwe kimetolewa na mchapishaji wa Uingereza. Mwairishi angeweza kushindana, ila si akiwa na mchapishaji wa Kiairishi. Ilibidi kitabu kitolewe upya na nyumba ya Scotland ndipo kiingie katika orodha ndefu ya 2017. Mapema mwaka 2018 kanuni ikabadilishwa, vitabu vilivyochapishwa Ireland vikaruhusiwa. Mwaka huohuo Solar Bones ikashinda Tuzo ya Fasihi ya Kimataifa ya Dublin, euro 100,000. Sisi ambao vitabu vyetu huhesabiwa kuwa fasihi vikishapitia Paris au Brussels tunaielewa hadithi hiyo bila mkalimani.

Limebaki lile bishano la zamani la kitivoni: uandishi hufundishwa? Walimu wetu wengine husema chuo hufundisha kuchambua, na kipaji ni cha Mungu. Marekani walianza kuutolea shahada zamani. Warsha ya Iowa ni ya 1936. Chuo cha East Anglia, Uingereza, kikafuata mwaka 1970. Utaratibu wa kawaida ni mmoja: kikundi kidogo, maandishi ya mmoja yanasomwa na wote kabla ya kikao, wenzake wanayajadili, mwenyewe ananyamaza na kusikiliza. Sioni uchawi hapo. Ni kile ambacho fundi seremala anawafanyia vijana wake: kiti kinageuzwa juu chini, kila mmoja anatikisa miguu yake.

Wanaopinga huogopa kwamba warsha hutoa waandishi wanaofanana, wote na sentensi safi za wastani. Hofu hiyo si ya bure. Lakini ukimtazama McCormack, mwalimu wa warsha ambaye riwaya yake ingerudishwa na nusu ya warsha za dunia, unaona kwamba kufundisha kanuni kila wiki kunaweza pia kumfanya mtu ajue hasa kila kanuni inafanya kazi gani. Asiyejua kazi ya nukta hawezi kuiondoa kwa maana, anaisahau tu. Tofauti kati ya kuondoa na kusahau ndiyo ninayoitafuta ninapoandika «kata» pembeni mwa karatasi.

Mwaka 2023 alitoa riwaya nyingine, This Plague of Souls. Mwanaume anatoka gerezani, anarudi nyumba yake ya mashambani magharibi ya Ireland, anaikuta tupu na giza. Mke na mtoto hawapo, na simu inalia: mtu asiyemjua anataka waonane. Mara hii nukta zimerudi. Sentensi ni fupi zaidi na baridi. Kuna wasomaji waliosikitika, wakitaka mwandishi arudie kile kilichompa tuzo. Mimi naona amefanya sawasawa: Nealon, mhusika mkuu wa kitabu hiki, yu hai, na aliye hai anaweza kusimama.

Kwa wanaotaka kujaribu, zoezi la muhula huu ni hili. Chagua mtu mmoja, mahali pamoja, dakika kumi. Andika ukurasa mmoja bila nukta, bila kutumia «na» kati ya vitenzi zaidi ya mara tatu. Kisha uandike upya ukurasa huohuo kwa nukta zote zinazostahili. Leteni kurasa zote mbili. Nitasoma ile ya pili kwanza.